Kidole Gumba Kimerudi kwa Wenzake

Mtaa wa Sofia,
Voi.
12 Oktoba 2025

Mpendwa wifi Jacinta,

Kwa heshima na taadhima, na kwa idhini ya kaka yako Donald ambaye hajaulizwa, natangaza kwamba kidole gumba cha mguu wangu wa kulia kimerejea kwa wenzake. Wananchi waendelee na shughuli zao.

Baada ya tangazo hilo, pokea salamu. Hujambo huko Doha? Joto limepungua, au bado mnakimbilia kivuli cha nguzo? Na mgongo wako je? Sisi tu wazima. Voi ni vumbi na upepo, mvua tunaisikia redioni. Ndovu waliingia kwa Nzomo wakamaliza mapapai, hata mabichi. Abby haongei kingine ila harusi yake ya Desemba.

Najua unajiuliza kidole kilikuwa kimeenda wapi. Wifi, hapa ndipo uso wangu unapotafuta pa kujificha. Vile viatu vyeusi ulivyonitumia nivae siku ya kumsindikiza Abby kanisani, mguu wa kulia ulikataa kuingia. Ni kile kinundu changu cha kando ya kidole gumba, unakijua. Mtu mwenye akili angekwambia. Mimi nikasema vimenikaa kama nilizaliwa navyo, na nikakutumia picha. Ile miguu uliyoisifu ni ya Everlyne, jirani yangu.

Basi nikaenda Mombasa kufanyiwa upasuaji ili picha iwe ya kweli. Watu niliwaambia naenda kumwangalia mgonjwa, na nilimwangalia sana.

Kinundu kiliondoka. Lakini bandeji zilipotoka, kidole kikaanza safari ya upande wa pili. Zamani kiliwalalia wenzake, sasa kikawapa kisogo, kila wiki kinazidi kwenda. Viatu vyako sasa hata havikuukaribia mguu. Donald akaniangalia nikipita na patipati, akasema, "Mama Abby, umewasha indiketa lakini hukati kona." Nikacheka naye. Halafu nikaingia jikoni nikakata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji.

Pasaka ikafika, na jina langu likasomwa kati ya wale kumi na wawili wa kuoshwa miguu Alhamisi Kuu. Unatujua sisi: kabla ya padri kutuosha, tunajiosha wenyewe nyumbani mpaka visigino ving'ae, asije akakuta kazi. Nami nilisugua kwa jiwe, nikapaka mafuta, nikapanga kutoa mguu wa kushoto.

Padri Cyrus akapiga magoti mbele yangu, akauona wa kushoto. "Mama, wa kulia," akaninong'oneza. Alikuwa amesahau kipaza sauti kifuani. Kanisa zima likasikia. Nikautoa. Akaushika, akamwaga maji, akakiinamia kidole. "Pole sana. Kinauma?" Hilo nalo likasikika mpaka kwa wanaouza ndizi nje ya geti. Tulipotoka, Kathini wa kwaya akanishika mkono: "Tryphena, kidole chako kimehama parokia?"

Wifi, sikurudi kanisani mpaka Pentekoste.

Nikamtafuta daktari mwingine. Huyo akatazama eksirei, akasema mara ya kwanza kidole kilivutwa kupita kiasi, upande mmoja ukalegea na mwingine ukakaza. Akalegeza palipokaza, akahamisha uzi wa mshipa ushike upande uliolegea, akapitisha waya ndani ya kidole kikae sawa. Ncha ya waya ilichungulia nje kama antena. Nililala na mguu juu ya mto, Abby akifua na kupika badala ya kushughulikia harusi yake, na kila aliponiletea chai niligeukia ukutani.

Sasa waya umetoka. Kidole kimenyooka, ila kimekuwa kigumu, hakikunjiki vizuri. Juzi nilijaribu viatu. Vimeingia vyote viwili! Nimetembea kutoka chumbani hadi mlangoni nimemshika Donald mkono, naye akipiga mbinja ya harusi.

Lakini haya haijanitoka. Utakapokuja Desemba usinitazame usoni haraka, anza na miguu, nizoee. Na mama yenu kule Mwanda usimwambie. Yeye anajua nilichomwa na mwiba, na anauombea mguu huo kila asubuhi.

Donald anakusalimu, anauliza kama Doha kuna kofia ya kumfaa baba wa bibi harusi. Abby anakusalimu sana. Everlyne pia, maana umesifu miguu yake bila kujua. Mungu akulinde kutoka utosini hadi unyayoni, asiruke kidole hata kimoja.

Wifi yako akupendaye, hata kwa miguu ya jirani,

Tryphena

Nimesahau: fundi ameleta gauni nitakalovaa harusini. Ni refu, linaburuta sakafuni. Miguu haionekani.