Mikono Kumi na Mmoja

Noreen, shika simu. Nimetoka bungeni na Darla, tumo garini, hata injini sijawasha.

Mswada wa bima ya watoto wa kipato cha chini wameuangusha. Darla kawaeleza vizuri kabisa: Josie wake ana miaka sita, hasikii, na bila bima vifaa vya kusikilizia atavisikia kwa wenzake tu. Wakamwambia, "Pole sana, mama." Pole, shoga!

Halafu mwenyekiti: "Wanaopinga, nyoosheni mikono." Ikanyooka kumi na mmoja.

Josie hakusikia kitu. Kaona mikono tu, akadhani wanampungia.

Akawapungia, Noreen. Akawapungia! Kwa mikono yote miwili, anacheka.

Na yule mheshimiwa aliyempa peremende mlangoni, mkono wake wa kupinga ukiwa bado juu, naye akampungia.

Darla halii. Kahawa niliyompa imepoa mkononi mwake. Josie huko nyuma anapaza sauti, "Mama, wale wote wananipenda?"

Darla kageuka taratibu, mtoto aone midomo yake.

"Ndiyo, mwanangu."

Kisha akaniambia, "Washa gari."

Dakika kumi sasa. Funguo bado nimezishika.