Radhi ya Kupanda Peke Yako

Mabela, Maskati

Mwanangu Saumu,

Salamu zangu zikukute mzima hapo Mbagala kwa mama yako mdogo. Na lile jino, ulikwenda kuling'oa? Asubuhi unakula kabla ya kutoka? Najua utasema unakula. Mimi sijambo, kazi inakwenda, joto limeshaanza, nguo nikianika juu darini nikigeuka zimekauka. Barua hii anakuja nayo Hadija wa nyumba ya pili, anakwenda likizo Alhamisi. Nimemwambia akupe mkononi kabla ya Jumanne, asimwachie mtu.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ninayo. Kwenye simu ungeisikia sauti yangu, ungeniuliza, Mama unalia? Silii, Saumu. Ningekuwa nalia ningekupigia. Tangu siku ile uliyonipigia nimekufa ganzi. Napika, nafua, naogesha watoto wa watu, kama vile anayefanya ni mwingine na mimi nimesimama pembeni.

Ulipopata nafasi ya kusomea urubani nilifurahi, usije ukafikiri sikufurahi. Kila ukipiga ulikuwa unasema leo tumeruka mimi na mwalimu, leo tumetua mimi na mwalimu. Basi nikashika hapohapo, mimi na mwalimu. Nilidhani ndivyo mpaka mtu anamaliza masomo. Hakuna aliyeniambia kwamba iko siku mnatua, mwalimu anafungua mlango, anashuka, anakwambia haya nenda, nakungoja hapa, na kiti cha pembeni yako kinabaki kitupu.

Nilikuwa nikianika nguo naziona ndege zinashuka kwenda uwanjani, kubwa, naona mpaka tumbo, nasema moyoni moja ya hizo itakuwa ya mwanangu. Siku hizi nabana kibanio nateremka. Sitazami.

Uliponipigia ukasema, "Mama, nipe radhi, kesho napanda peke yangu," nikakwambia, "Fanya unavyotaka." Halafu ukasema taratibu, "Mama, hiyo siyo." Nikakata simu, nikakutumia ujumbe kwamba chaji inaisha. Chaji ilikuwepo.

Yaliyofuata kaniambia mama yako mdogo, wewe hukuniambia. Kwamba kesho yake ulimwambia mwalimu tumbo linakuuma. Na wiki iliyofuata alipokutaka upande, ukamwambia ukweli, mama hajanipa radhi, kasema tu fanya unavyotaka. Akakuuliza, "Si umesema kakwambia fanya unavyotaka? Sasa unataka nini tena?" Yule mgeni, hajui kwamba kwetu mama akikwambia hivyo kakufungia mlango. Akacheka, akasema amefundisha miaka yote hii, hajapata kuona ndege imekaa chini kwa sababu mama wa mtu kanuna. Kisha akaacha kucheka. Akasema Jumanne ni mara ya tatu, na usipopanda nafasi yako anapewa mwingine.

Nilisikia hayo nikaendelea kukatakata vitunguu.

Jana mchana nilikuwa napiga pasi kanzu za baba wa hapa. Nikauegemeza mkono kwenye pasi, sikusikia kitu, nikasikia harufu kwanza. Usishtuke, ni kidogo tu, kama kifungo. Bi Zuwena alikuwepo chumbani na kahawa yake, yule mama yake madam niliyekwambia alizaliwa Unguja. Akanivuta mpaka kwenye bomba, akaufungulia mkono maji.

"Weye una nini? Unajiunguza hata huguni?"

Nikamweleza. Unajua kijana wake ni rubani, wa zile ndege kubwa. Akanisikiliza, kisha akasema, "Mtoto kakuomba radhi, umemnyima?"

"Sijamnyima, Bibi. Nangoja moyo ufunguke. Nikisema na moyo haupo, si nitakuwa nimemdanganya?"

"Haya, ngoja. Utangoja mpaka mtoto awe na mvi." Akanigeuza mkono akautazama. "Mie nna miaka ishirini nampa radhi yule kila akitoka mlango huo, na moyo wangu haujafunguka hata siku moja. Namwambia, radhi zangu unazo, na hilo taka litupe ukipita. Hivyo tu. Unadhani nalia naye mlangoni?"

Nikamuuliza, "Na inashika, Bibi, ikisemwa hivyo?"

"Mbona Ijumaa zote yuko hapa anakula samaki wangu?"

Kisha akafunga bomba. Akasema, "Na siku asiporudi, si moyo wako uliomwangusha. Hilo nalo ulijue. Ila kama alikwenda bila ya neno lako, utakaa nalo."

Nikarudi kumalizia kanzu.

Nimefikiri, Saumu. Sioni kama nimepata nguvu yoyote. Naona tu kwamba wewe ungeweza kupanda ukanyamaza, mimi ningejuaje huku? Hukupanda. Umeiacha ndege mara mbili unaningoja mimi, na mimi nangoja moyo. Mmoja wetu lazima aache kungoja.

Nisalimie mama yako mdogo Asha, mwambie asante kwa kuniambia uliyonificha. Nisalimie babu yako, mwambie dawa yake ya miguu nimempa Hadija, ajipake usiku. Nisalimie kaka yako Jumaa, na mwambie akupeleke yeye hiyo Jumanne mpaka getini, ajifanye ana shughuli njia hiyo.

Salamu nimemaliza, hakuna kingine cha kuandika isipokuwa hili. Nimetia udhu, nimekaa chini, nimesubiri labda kitu kitakuja. Hakikuja. Nasema hivyohivyo nilivyo. Mpe Asha akusomee kwa sauti, maana neno hili linatakiwa lisikike, na wewe ukae mbele yake kama unavyokaa mbele yangu.

Saumu, lile "fanya unavyotaka" nimelifuta. Mimi mama yako niliyekuzaa na kukunyonyesha, nimekupa radhi zangu. Mwalimu ashuke, wewe upande. Nimekupa za Jumanne na za kila siku utakayopanda, usiwe unaniomba upya, sitaweza kulisema hili mara nyingi. Kabla ya kupanda usinipigie. Ukishashuka ndiyo unipigie, hata kama niko kazini, hata kama ni kusema tu umeshuka.

Mama yako,
Mwanahamisi