Mama Asikie Viputo

6 Februari

Mume wangu wa mbali,

Marahaba, maana najua umeniamkia hata kama barua yako bado iko njiani. Mimi mzima, isipokuwa macho. Daktari anasema ni presha ya macho. Wewe unapenda kujua vitu vinavyofanya kazi, kwa hiyo nikueleze. Jicho lina maji yake, yanaingia na kutoka. Njia ya kutokea ikiziba, maji yanaubana mshipa wa nyuma unaopeleka picha kwenye ubongo, na mshipa huo ukifa haufufuki. Kuona kunaisha kuanzia pembeni, kama mtu anayefungiwa mapazia. Katikati bado naona vizuri. Dawa ya matone inachelewesha, hairudishi.

Sikwambii ili ulie. Nilikulea tangu hujaota meno, na miaka yote hii nakuona kwenye picha tu. Nataka nikuone mwenyewe kabla pazia halijafunga. Daktari amesema mwaka, labda zaidi kidogo. Wala usiniambie tuongee kwa simu ya jirani. Huwezi kumwuliza mjukuu mambo ya moyoni huku mwenye simu amesimama anaisubiri.

Mashine yako imefikia wapi? Na unakula? Kwenye picha umekonda, watu watadhani sikukulisha.

Bibi yako, mke mkubwa

2 Machi

Mke mkubwa, shikamoo,

Barua yako niliisoma nimesimama karakanani. Nitakuja. Majaribio ya hospitalini yanaisha Juni. Julai utaniona mlangoni.

Mashine inafanya kazi, na haifanyi. Hewa yenye oksijeni inapita kwenye mpira hadi puani kwa mtoto njiti, yule aliyezaliwa kabla ya siku zake, na ncha ya pili ya mpira inazama kwenye chupa ya maji. Kina cha maji kinaipa hewa ugumu kidogo wa kutoka, na ugumu huo ndio unaozuia mapafu machanga yasijikunje. Chupa ikitoa viputo, mtoto anasaidiwa. Ikinyamaza, hasaidiwi. Ni rahisi, hata hospitali ndogo inaweza kuinunua.

Shida ni kwamba tuliijaribu kwa mwanasesere, na mwanasesere hageuzi kichwa. Watoto wa kweli wanageuka, vipira vinachomoka puani, chupa inanyamaza, na nesi ni mmoja kwa wodi nzima. Wiki iliyopita alikuta mtoto amekuwa wa bluu. Walimwahi. Nikiweka kengele ya umeme, bei itapanda mara tatu. Nikiacha hivi, mkuu wa hospitali ataziondoa mashine zote. Nimekwama, Bibi. Wewe ulifundisha wakunga maisha yako yote. Ungefanyaje?

Mjukuu wako

28 Machi

Mume wangu,

Marahaba, na pole kwa huo mkwamo. Mwanasesere wako nimemcheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mtoto mwenye adabu kama huyo sijawahi kumpokea.

Barua yako nimeirudia mara kadhaa nikimtafuta mtu mmoja. Umeandika mtoto, nesi, mkuu wa hospitali. Mama yuko wapi?

Nakuuliza kama nilivyowauliza wanafunzi wangu, si kwa kukusuta. Nesi ana watoto wa wodi nzima. Mama ana mmoja, na siku hizo hana kazi nyingine duniani. Mashine yako tayari ina kengele, ila kengele yenyewe ni ule ukimya, na ukimya unasikiwa na aliyekaa karibu. Sasa mama mnamweka wapi?

Huku mapazia yamesogea. Jana nilimpita jirani bila kumsalimu, alikuwa upande wa kushoto. Nimemweleza, amenielewa, na bado amenuna. Naingoja Julai.

Bibi yako

20 Mei

Shikamoo Bibi,

Natumaini matone unayatia kama ulivyoagizwa, si pale unapokumbuka.

Mama yuko ukumbini. Anaitwa saa ya kunyonyesha, anakamua maziwa, anatolewa. Nilikuwa napita mbele ya ukumbi huo kila siku na sikuwahi kuuliza. Yupo mmoja, fundi cherehani, ambaye hakai. Anasimama mlangoni, paji la uso kwenye kioo. Nikamwuliza anaona nini kutoka pale. Akasema, "Naona kofia yake. Ikisogea, najua yupo."

Nikaenda kwa metroni, mkuu wa manesi, na barua yako mkononi, nikamwomba akina mama wakae wodini kando ya watoto wao.

"Wataniletea vijidudu," akasema. "Na nitapita wapi, juu ya magoti yao?"

"Watanawa mikono kama sisi, mama."

"Nyie? Wewe jana umeingia humu na viatu vya karakanani."

Alinivua nguo mbele ya manesi, Bibi. Lakini barua aliisoma mpaka mwisho, na kesho yake viti viliingia upande mmoja wa wodi. Tukawaonyesha akina mama: ukisikia kimya, tazama pua, rudisha vipira, inua kidevu taratibu mdomo ufunge. Viputo visiporudi, mwite nesi. Haikupita wiki, fundi cherehani akasema bila kupaza sauti, "Nesi, yangu imenyamaza." Nesi anafika, mama ameshavirudisha vipira, chupa inabubujika tena.

Sasa jambo gumu. Mkuu wa hospitali anataka tuendelee mpaka mwisho wa mwaka, wodi nzima, aone kama kweli watoto wanapona zaidi. Anayewafundisha akina mama ni mimi. Nikiondoka Julai, viti vitatolewa. Sema neno moja tu, Bibi. Ukisema njoo, nakuja.

Mjukuu wako

15 Juni

Mume wangu,

Marahaba. Afya ni ileile.

Neno hilo moja niliandika, nikalitia kwenye bahasha, na bahasha ikakaa mezani. Halafu nikamfikiria yule anayetazama kofia.

Nataka uje. Nalisema waziwazi usije ukadhani nimezoea. Sijazoea. Gari likisimama nje nanyanyuka, na najua si wewe. Lakini aliyeuliza mama yuko wapi ni mimi. Siwezi kumnyang'anya mtu kiti ili mimi nipate mgeni. Baki, umalize.

Mistari imepanda mlima, nisamehe. Kalamu naiona, karatasi inanikimbia.

Bibi yako

3 Desemba

Shikamoo Bibi,

Niliandika Agosti, nikaandika Oktoba. Jirani nikimpigia ananiambia, "Bibi yako mzima, anakusalimia," na anakata kama mtu aliyefundishwa la kusema. Mbona kimya?

Tumemaliza. Watoto tunaowapoteza wamepungua sana kuliko kabla ya viti. Si wote waliopona. Kuna mama alikaa mpaka mwisho, viputo havikusimama hata kidogo, na mtoto akaondoka hivyohivyo. Aliniambia, "Angalau nilikuwepo." Viti vinabaki. Metroni anawafundisha akina mama mwenyewe sasa, na ni mkali kuliko mimi.

Tiketi ninayo. Nafika tarehe kumi na nane Januari. Niambie ukweli, Bibi. Bado unaona?

Mjukuu wako

27 Desemba

Mume wangu,

Marahaba. Mwandiko huu si wangu. Ni wa mwanafunzi wangu wa zamani, siku hizi mkunga wa zahanati. Amekuja kunisalimia, nikamkalisha na kalamu. Nimemkataza kupamba, na nimemkataza kulowesha karatasi.

Hapana, sioni. Pazia lilifunga Septemba, mapema kuliko daktari alivyodhani. Barua zako nilikuwa nazishika tu, sikutaka sauti ya mtu mwingine ikae katikati yetu. Leo zote zimesomwa. Jirani nilimwagiza mimi, usimlaumu. Ungejua, ungepanda gari siku ileile.

Usije na uso wa msiba. Usiniambie umechelewa, neno hilo silitaki mlangoni pangu. Nilipokwambia ubaki nilijua nasema nini. Sitakudanganya kwamba hainiumi. Ninao uso wako wa utotoni, na wa yule kijana aliyeondoka na begi. Wa sasa nautunga mchana kutwa, na hautulii.

Basi nikueleze tutakavyofanya. Umeme ulipokatika kwenye chumba cha kujifungulia, hatukumweka mtoto kando mpaka taa irudi. Tulimkagua kwa mikono, kwa utaratibu: utosi, paji la uso, masikio, kaakaa, shingo, mabega, tukashuka hivyo mpaka vidole vya miguu. Mkono uliofundishwa haukosei. Hata wewe nilikupokea hivyo.

Ukifika usizungumze. Kaa chini mbele yangu, umenyoa ndevu au hukunyoa, shauri yako. Kaakaa nitakusamehe. Nitaanzia utosini.

Bibi yako