Wati Mia Sita na Arobaini

Jumatano, Kiranjeranje. Mawingu yametanda tangu asubuhi bila kudondosha hata tone, na joto limejifungia ndani pamoja nami. Nimerudi kutoka shuleni, sijavua hata baibui, nimeketi kuandika. Nikichelewa, najua nitaanza kujitetea.

Namwonea wivu Zuhura.

Zuhura ni mwalimu wa kujitolea, mwenyeji wa Kitomanga, mwenye stashahada na miezi minne ya kazi. Mimi nina shahada ya fizikia na miaka tisa katika shule hii. Naziorodhesha sifa zetu kama mtu anayekata rufaa, kisha naona aibu.

Wiki iliyopita Bi Somoe, fundi cherehani anayeshona sare za wanafunzi wetu, alituuliza kwa nini pasi yake haipati moto mashine za seremala jirani yake zinapofanya kazi. "Umeme wenu mdogo, wanangu," alisema, kana kwamba sisi walimu ndio tunaoutengeneza. "Kola zinatoka na mikunjo kama uso wangu."

Swali lake nililipeleka kidato cha tatu, mkondo A, nikalijibu mwenyewe ubaoni. Pasi imeandikwa volti 230, wati 1000. Gawanya wati kwa volti, unapata mkondo wa ampea 4.35. Volti zikishuka hadi 184, zidisha kwa ampea zilezile: wati 800. Nikapiga mstari chini ya jibu, miwili.

Mkondo B ni wa Zuhura. Nilikuwa napita barazani nilipomsikia akiwauliza: "Umeme mdogo. Mdogo nini?"

Darasa likalipuka. Mmoja alisema volti, mwingine mkondo, mwingine nguvu, wakabishana hadi kengele ikalia. Huku kwetu vyote vitatu tunaviita umeme, basi. Kwa miaka tisa nimefundisha watoto wenye neno hilo moja mdomoni, na sijawahi kuwauliza wanamaanisha nini. Nilisimama nje ya dirisha nikitamani swali lile liwe langu.

Siku iliyofuata Zuhura aliwapeleka kwa Bi Somoe, amebeba mita yake ya kupimia umeme, ile ya kubana waya. Alipima mwenyewe, wanafunzi wakasoma namba. Volti 184, sawa na nilivyosema. Lakini mkondo haukuwa 4.35. Ulikuwa ampea 3.5.

Wakarudi darasani wakakokotoa. Kinachobaki karibu vilevile ndani ya pasi si mkondo, ni ukinzani: gawanya 230 kwa 4.35, takriban ohmu 53. Volti zikipungua, mkondo nao unapungua, na nguvu inapungua kwa sababu zote mbili. Jibu lao lilikuwa wati 640.

Kosa langu ni lile ninalowakatia wanafunzi alama kila mwaka.

Jana Zuhura alinifuata ofisini wenzetu walipokwenda kunywa chai. Aliniamkia, akaweka mita mezani, akasema kwa sauti ya chini: "Dada Salma, mita yangu inanipa namba tofauti na zako. Nahisi imeharibika. Hebu niangalizie." Sijui kama aliamini hivyo kweli, au alikuwa ananifungulia mlango nitoke bila kuaibika. Nimelifikiria tangu jana na bado sina hakika. Ninachojua ni kwamba heshima yake iliniudhi kuliko ambavyo dharau ingeniudhi.

Sikuigusa mita. Nikamwambia: "Imechoka hiyo. Usiiamini."

Leo asubuhi nilipita tena kwenye dirisha lilelile. Mkondo B walikuwa wanafuta. Zuhura alikuwa akiwaeleza kwamba Madamu Salma ameikagua mita na ina hitilafu, kwa hiyo 640 ifutwe, iandikwe 800. Msichana wa dawati la mbele hakukubali.

"Lakini madamu, mita na hesabu zilikubaliana."

"Andika, Mwajuma," Zuhura alisema. "Madamu Salma amesoma kuliko mimi."

Niliondoka kabla hawajaniona.

Nimejaribu kujiambia kwamba huu ni wivu wa kawaida, wa kikazi, ambao hata una faida kwa kuwa unamsukuma mtu ajitahidi. Siamini. Kutamani kuwa na kipaji chake, huo ndio wivu. Kutaka yeye asiwe nacho kuna jina jingine, husuda, na tangu madrasa tulifundishwa kuiogopa. Huenda najihukumu kupita kiasi. Lakini watoto arobaini wamefuta jibu sahihi kwa mikono yao wenyewe, na keshokutwa wana jaribio.

Mita aliyoniachia Zuhura jana ipo hapa, kando ya daftari langu. Mchana huu, kwa mara ya kwanza, nimepita kwa Bi Somoe nikapima mwenyewe. Mbili nukta tisa? Nne? Nilikuwa nikiomba isome chochote kingine. Imesoma tatu na nusu. Bi Somoe akacheka, akaniambia siku hizi walimu tunaipima pasi yake kuliko yeye anavyoitumia.

Kesho, kipindi cha kwanza, nitaiunganisha mikondo yote miwili na kuirudisha 640 ubaoni. Hilo nimeliamua, na sentensi nimeshaiandaa: nilikosea.

Kuhusu 800, nilikosea kweli. Kuhusu mita sikukosea, nilidanganya. Je, nitaweza kulitamka neno hilo la pili, Zuhura akiwa amesimama palepale, ananisikiliza kwa adabu?