Mtoto wa Chumba Namba Kumi na Sare ya Mapokezi

MAELEZO YA SHAHIDI
Anajulikana kama: Mama Meneja
Umri: miaka 57
Kazi: fundi cherehani
Makazi: kwa sasa hotelini, chumba namba tisa, mtaa wa watalii

Mimi ni mama mzazi wa binti mliyemkalisha kwenye benchi hapo nje. Ni mhudumu wa mapokezi, mwanamke pekee wa zamu ya mchana. Mlinzi wa hoteli ndiye aliyenibatiza Mama Meneja, kwa kuwa nilimwambia kwamba binti yangu ataufikia umeneja. Bado nasema hivyo, afande, andika.

Mnamo tarehe tatu mwezi huu nilifika kumtembelea. Chumba ni kidogo, ukifungua mlango unagonga kitanda, na huko chini wauza miwani wanapiga kelele mpaka usiku. Lakini shuka zinanukia sabuni, na nimelala kama malkia.

Leo tarehe tano, saa nne asubuhi, binti yangu alinipa sare yake ya akiba niikunje upindo. Nilipomaliza niliivaa nijitazame kwenye kioo. Ilinibana, lakini ilinikaa. Nikatoka nayo kwenye korido, watu wanione.

Mlango wa chumba namba kumi ulikuwa wazi. Ndani alikuwemo mama mgeni, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi, na kichanga analia. Mumewe, nilikuja kujua baadaye, alikuwa ametoka kutafuta maziwa. Hatuna lugha moja. Nilinyoosha mikono, akaitazama nembo ya hoteli kifuani kwangu, akanipa mtoto. Nikaweka kiganja shavuni kumwonyesha alale. Alilala kabla sijageuka.

Nilimfunga mtoto mgongoni kwa shuka, nikamfunika kichwa kwa ajili ya jua, nikashuka mtaani. Hapo hapo akanyamaza. Muuza miwani akaniuliza, "Bi mkubwa, mjukuu huyo?"

Nikamjibu, "Kwa leo ni wangu. Na hoteli ile unayoiona, binti yangu ndiye anayeipokelea wageni." Nikawaambia na wa duka la pili, na wa tatu. Ndiyo maana nilichelewa.

Saa sita nilirudi nikakuta umati mlangoni. Baba wa mtoto ameshika kichwa. Mkewe alikuwa ameeleza kwamba mtoto alichukuliwa na mwanamke mwenye sare ya mapokezi, na askari wako alikuwa anampandisha binti yangu kwenye gari. Hakulia. Aliponiona kwa mbali alisema tu, "Mama, rudi chumbani, usiyatazame haya."

Nikasema, "Nirudi vipi, na huyu nimpeleke wapi?" Nikageuka, nikafunua shuka.

Mama mgeni alinikumbatia mimi na mtoto kwa pamoja, mumewe akakaa chini pale pale kwenye ngazi akicheka na kufuta machozi. Binti yangu akaniangalia juu mpaka chini.

"Mama, hiyo nguo nilikupa ukunje upindo."

"Nimekunja," nikamwambia. "Tazama."

Mkatuleta sote hapa kituoni kwa kuwa taarifa ilikuwa imeshaandikwa. Aliyembeba mtoto ni mimi. Binti yangu hahusiki, ila kwa kulelewa na mimi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, afande, na wangu yuko kwenye benchi lenu huku zamu inamngoja. Nimesomewa niliyoyasema, nayo ni kweli tupu.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya askari: Mtoto alipokabidhiwa kwa mama yake alilia sana, hivyo kwa ombi la mama huyo amerudishwa mgongoni kwa shahidi. Shahidi ametia sahihi akiwa amesimama, akimbembeleza. Mhudumu wa mapokezi ameachiwa, amerudi kazini. Sare imekaguliwa. Upindo umekunjwa vizuri.