Mguu Ulioponywa na Maji ya Bath

Mtaa wa Milsom,
Bath,
Alhamisi, 17 Februari 1774

Mdogo wangu mpenzi Hester,

Salamu zangu zikufikie huko Devon, wewe na mjomba na wote wa nyumbani. Je, kikohozi cha mjomba kimepungua? Na wewe, unalala vizuri siku hizi? Mimi sijambo, ila viatu vipya vimenichubua. Shangazi Ursula naye anaendelea na jongo lake, yale maumivu ya miguu. Kila asubuhi anakunywa bilauri tatu za maji ya moto ya chemchemi ya hapa, yanayosemwa huponya kila kitu na yenye ladha ya misumari, kisha anawasema madaktari mpaka chakula cha mchana. Anakusalimu sana, na anauliza kama bado unafuga bata.

Najua uliniomba nisilitaje tena jina la Bibi Augusta Wrexley katika barua zangu. Leo nitalitaja. Keti, usome mpaka mwisho. Unavyonijua, kila jambo naliandika kwenye shajara siku yake, kwa hiyo nitakueleza kwa mpangilio.

Sijasahau hata neno moja la yale uliyonisimulia niliporudi kutoka Lisbon. Ulikuwa na miaka kumi na minane. Mzee mmoja aliyelewa alikuomba mcheze katika dansi ya hapa Bath, nawe kwa kutotaka kumwaibisha ukasema mguu wako umeteguka. Kisha Kapteni Tarrant, mchumba wako, akaingia ukumbini, akakunyooshea mkono, ukasimama. Hakuna aliyekuwa amekufundisha kanuni ya mji huu, kwamba mwanamke akimkataa mwanamume mmoja hachezi na mwingine usiku ule wote. Bibi Augusta aliijua. Alikuwa akimtaka Kapteni kwa ajili ya mpwa wake. Akapanda juu ya kiti, akaita ukumbi mzima: “Jamani, njooni mwone! Maji ya Bath kweli ni dawa! Mguu umepona kwa nusu saa!” Msimamizi wa Dansi akakushika kiwiko akakurudisha kitini. Kesho yake vijana wakawa wanachechemea kila wakikuona, na Kapteni akaona bora kuoa kwingine. Tangu siku ile hujacheza hata katika harusi ya binamu yetu.

Basi nilipokuja hapa na Shangazi mwezi uliopita, mtu wa kwanza kutusogelea katika Ukumbi wa Maji, pale pa kunywea dawa hiyo, alikuwa yeye. Alinipenda mara moja. Kwa kuwa baba zetu ni mbalimbali na majina yetu ya ukoo hayafanani, hakujua kwamba mimi na wewe tumetoka tumbo moja. Nami sikumwambia.

Akawa ananiita mwanangu. Kila asubuhi tuliingia pamoja bwawani, tumevaa yale magauni ya turubai yanayovimba kama mahema, kila mmoja na sinia yake ndogo inaelea mbele yake, leso na ugoro juu. Kidevu kikiwa juu ya maji, alinieleza mambo yake yote. Mume wake marehemu hakumwachia kitu ila jina, na sasa tumaini lake lote lilikuwa kwa Sir Hugh Dallimore. “Ameiva, mwanangu,” aliniambia. “Jumatatu atacheza nami mbele ya Bath nzima. Jumanne atazungumza na wakili wangu. Jumatano naagiza mapazia.” Mji mzima ulijua kwamba Sir Hugh ni mtu wa kujihadhari, na kwamba mwanamke atakayesimama naye usiku ule ndiye atakayemwoa.

Siku moja Bwana Obadiah Pennock alipita kando ya bwawa akiegemea fimbo. Ni mtengeneza mishumaa kutoka Bristol, mjane, mnene, mwenye haya, na mguu wake umefungwa bandeji kwa ajili ya jongo. Alitusalimu kwa kuinua kofia. Bibi Augusta akasema, wala hakushusha sauti, kwamba mtu yule asikaribie moto, atayeyuka. Wanawake wote bwawani walicheka. Na mimi nilicheka.

Jumatatu, tarehe 14, ukumbi ulijaa mpaka huwezi kufungua upepeo. Bibi Augusta alivaa hariri ya kijani na manyoya matatu kichwani. Sir Hugh hakuwa ameonekana. Dansi za wakubwa zilipokwisha, Bwana Pennock alijitokeza, ameacha fimbo nyumbani, amevaa glavu nyeupe mpya. Aliinama mbele ya Bibi Augusta akamwomba wacheze. Mama yule alimtazama toka wigi mpaka kiatu. Akamjibu kwamba anasikitika, mguu wake umeteguka, na kwamba hata ungekuwa mzima, glavu zake yeye haziwezi kushika mafuta ya mishumaa. Waliokuwa karibu wakaguna kwa kicheko. Bwana Pennock akainama tena akaondoka.

Hazikupita dansi mbili, Sir Hugh akaingia, uso umechangamka, akamwendea moja kwa moja akanyoosha mkono. Nakwambia, Hester, mama yule aligeuka rangi. Alitazama huku na huku akaona kama hakuna anayemwangalia. Kisha akasimama.

Nami nikapanda juu ya kiti.

Nilisema kwa sauti niliyokuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo: “Jamani, njooni mwone! Maji ya Bath kweli ni dawa! Mguu umepona kwa nusu saa!”

Kwanza mtu mmoja alikumbuka, wa pili akakumbuka, na kicheko kikatembea ukumbini kama moto kwenye nyasi kavu. Msimamizi alikuja akaeleza kwa adabu kwamba kanuni ni kanuni, na kwamba mguu ulioteguka ni vizuri ukapumzishwa. Sir Hugh anaogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa Jehanamu. Alimtakia mguu wake nafuu, akaenda kucheza na binti wa kasisi wa Salisbury mpaka saa tano muziki uliponyamaza.

Nilishuka nikamwinamia Bibi Augusta sikioni. Nilimwambia kwamba Hester wa Devon ni mdogo wangu, na kwamba anamsalimu. Jana ameondoka kwa gari la kukodi, mapazia yameshushwa, na vijana wa hapa wamelisindikiza mpaka darajani wakichechemea.

Sasa nikuambie lile ambalo hapa hakuna anayelijua. Jambo hili halikutokea lenyewe. Bibi Augusta si mjinga. Asingemkataa mtu yeyote kama angejua Sir Hugh yuko njiani. Mimi ndiye niliyemwambia, tukinywa chai jioni ile, kwamba nimesikia kwa mwuza dawa wetu Sir Hugh ameshikwa na homa na hatatoka kitandani. Na Bwana Pennock asingethubutu kumsogelea. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba Bibi Augusta anamsifu faraghani, kwamba anamwonea haya tu, na kwamba Jumatatu angefurahi akiombwa. Nilimshauri hata anunue glavu.

Kwa uwongo wa kwanza sijuti hata chembe. Ningeweza kuurudia kesho, keshokutwa na siku ya Krismasi. Lakini Bwana Pennock aliponipita akirudi kitini kwake, bila fimbo, akijitahidi asichechemee, niliuona uso wake. Ulikuwa uso wako, Hester, ule ule uliokuwa nao uliponisimulia.

Leo asubuhi alinitafuta katika Ukumbi wa Maji. Aliniletea bilauri yangu kwa mkono wake mwenyewe, nusu imemwagika njiani. Aliniambia nisijilaumu, kwani mioyo ya wanawake ni vigumu kuisoma, hata kwa mwanamke. Kisha akasema kwamba katika mji huu mzima ni mimi peke yangu niliyemtendea wema. Nilikunywa maji yale mpaka tone la mwisho, na sikusikia ladha yoyote.

Niambie kama nimweleze. Utakalosema nitalifanya.

Ila usiandike, njoo useme mwenyewe. Chumba kipo, Shangazi anakuhitaji, na Msimamizi, tangu nimwambie kwamba u mdogo wangu, ameniuliza mara mbili kama yule msichana wa Devon atarudi. Lete gauni lako la buluu, lile lile la usiku ule.

Msalimie mjomba, na umpe asali kwa kikohozi.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Judith