Kompyuta ya Miaka Mingapi?

Mpendwa mshauri,

Niwie radhi kwa kimya changu kirefu. Ndimi yule mzee aliyekuwa akikuandikia kila ulipochapisha "masaa" badala ya "saa", na bila shaka ulipoona barua zangu zimekatika ulishusha pumzi. Lakini sikunyamaza kwa sababu ukurasa wako umetakata, nilinyamaza kwa sababu kompyuta yangu imekufa, ya tatu sasa, na leo sikuandikii kukusahihisha bali kukuomba msaada, maana akili yangu imegota. Barua hii anaipiga chapa mkwe wangu kazini kwake. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kuongeza chake.

Nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji hadi nilipostaafu, na mke wangu alikuwa mshonaji wa nguo, na cherehani yake ingali sebuleni karibu na dirisha. Tulipopumzika sote wawili tukaanza kazi moja: kamusi ya maneno ya washonaji, yale ambayo mafundi huyasema pini zikiwa midomoni na ambayo hayajapata kuandikwa, si kaba na pindo tu bali majina ya kila mkunjo na kila namna ya kupitisha sindano, yeye ananitajia, mimi napiga chapa, kwa kuwa vidole vyangu vinatetemeka na mwandiko wangu mwenyewe siusomi tena.

Sasa, mshauri, mke wangu ameanza kusahau. Hasahau watu bado, anasahau maneno, na hayo ndiyo niliyokuwa nikiyangoja. Miezi michache iliyopita nilimwuliza jina la ule ustadi wa kuikutanisha mistari ya kitambaa kwenye mshono hata jicho lisione pameungwa wapi, neno alilofundishwa na fundi wake alipokuwa msichana, akachukua vipande viwili, akavikutanisha mbele yangu bila kukosea hata uzi, vidole vinajua kila kitu, mdomo hauna kitu, akacheka akasema, "Mume wangu, limetoka kidogo, litarudi." Na kweli lilirudi siku ileile, akiwa jikoni, akaniita kwa sauti, nikakimbilia kompyuta, skrini nyeusi, nikabonyeza, nikabonyeza, ikavuma kidogo kama mtu anayetaka kukohoa, ikazimika, na nilipogeuka kumwomba alirudie akaniangalia kwa upole akaniuliza, "Neno gani?" Mimi nami, kwa kiherehere cha kubonyeza, nilikuwa nimelipoteza. Halijarudi tangu hapo.

Fundi wa kompyuta aliniambia kwamba imeungua ndani, kama zile mbili za kwanza, na herufi nzima za kamusi yetu zimeteketea nayo. Wala usidhani hatukuitunza. Nyumba yetu haina kitu kinachokaa uchi: redio ina kitambaa chake cha kufuma, jokofu lina chake, na kompyuta mke wangu aliifumia viwili, kimoja cha kuilaza juu yake na kimoja cha kuifunika, na kwa kuwa inachukua muda kuwaka sikuizima mchana kutwa, nikienda kula au kujinyoosha yeye huifunika vizuri isiingie vumbi. Hata mtoto mchanga hatunzwi hivyo.

Nikaenda dukani na mwanangu wa kwanza. Muuzaji, kijana mwenye adabu, akaniuliza, "Mzee, unataka ya kukaa nayo miaka mingapi?" Nikasema nataka ya miaka saba, kwa maana hesabu ya kazi iliyobaki ndivyo inavyosema. Mwanangu akacheka. "Baba, miaka saba ya nini? Chukua iliyotumika, ya kukusogezasogeza tu." Nilipomsimulia mama yake jioni, mbele yake, mama akaacha kufuma: "Kumsogeza baba yako wapi? Kuna mahali umemwekea nafasi?" Sote tukacheka, na mwanangu naye akacheka huku akitazama viatu vyake, lakini mimi lile neno liliniingia likakaa.

Maana huenda amesema kweli. Nikinunua iliyo imara, akiba yetu yote inakwenda, na nitakuwa mzee mwenye mashine ya miaka saba katika nyumba ambayo maneno hayana hata miaka miwili. Nikinunua ya kunisogeza, nimekiri kwamba kazi haitakwisha, na mke wangu si mjinga, akiiona atajua nimekiri nini. Kuna siku nimesimama mbele ya cherehani yake nikaona heri tuliache jambo lote, tukae tu, tusahau pamoja. Niambie, nichague kompyuta gani, au nisichague kabisa? Nikishakata shauri, nitakuandikia.

Wako,
Msahihishaji Mstaafu

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, baba. Ukurasa wangu ulikukosa, hata kama sikuthubutu kukuambia. Pole kwa yanayompata mama. Sitakudanganya kwamba maneno yote yatarudi, kwa kuwa wewe hupendi sentensi isiyo na ushahidi.

Baada ya pole, nipe ruhusa nikugombeze. Kompyuta zako hazikufa, mmezinyonga. Mashine hiyo ina matundu pembeni na chini, na feni ndani, ili ipumue. Wewe umeilaza juu ya godoro la uzi, ukaifunika blanketi la uzi, ikiwa inawaka, mchana kutwa, kisha ukashangaa imeungua. Mkaa wenyewe haupikwi kwa bidii kuliko hiyo. Hata ukinunua iliyo imara kuliko zote sokoni, kwa malezi hayo mwaka hauishi. Iweke juu ya meza tupu. Ukienda kula, izime, au ifunge ilale, na isifunikwe mpaka imepoa. Lakini mama usimwambie kwamba ndiye aliyeua. Mwambie fundi amesema kitambaa ni cha wakati wa kuzimwa tu, na umwombe afume kimoja kipya. Anayepungukiwa na maneno asinyang'anywe kazi ya mikono pia.

Kosa la pili ni lako peke yako. Umesahihisha vitabu maisha yako yote, na katika kiwanda chenu hakuna aliyethubutu kuwa na nakala moja. Ilikuwaje kamusi nzima ikakaa mahali pamoja? Kila mnapomaliza kazi, nakala moja iingie kwenye flashi na nyingine aitunze mkweo. Unanisikia, mkwe unayepiga chapa? Nakupa kazi hiyo mbele ya wasomaji wote. Na ile iliyoungua, msiitupe: mpelekeeni fundi mwingine, mmwulize kama diski yake imepona. Mara nyingi huungua mengine na diski ikabaki salama.

Sasa mwanao. Alikosa adabu, na nadhani viatu vyake vimeshamweleza. Ila katika ujinga wake kuna punje ya kweli: iliyotumika si tusi. Mashine ya ofisini ya miaka michache, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaopiga chapa kutwa, hudumu kuliko mpya ya bei rahisi yenye rangi za kung'aa, na haitamaliza akiba yenu. Usichukue iliyozeeka mno hata waliounda programu zake wameshaacha kuzihudumia. Muulize muuzaji, na akibabaika, ondoka. Nenda na fundi, aifungue mbele yako. Mnataka ambayo betri yake hubadilishwa kwa bisibisi, memori yake huongezwa, na vipuri vyake vinapatikana mtaani kwenu, si ng'ambo ya bahari. Memori isipungue gigabaiti nane, na ikifika kumi na sita utanishukuru mwaka wa tano. Diski iwe ile isiyozunguka, ndiyo inayowaka upesi, hutakuwa tena na kisingizio cha kutoizima. Funua na kufunika skrini mara kadhaa, bawaba zisilie. Halafu keti, upige chapa ukurasa mzima palepale dukani kwa vidole vyako hivyo vinavyotetemeka, na muuzaji asubiri. Herufi zikikutoroka, si yako hiyo, hata ukipewa bure.

Umeniuliza ya miaka mingapi. Ya miaka ya kamusi, baba, si ya miaka yako. Fundi hakati kitambaa kwa kuuliza mvaaji ataishi hadi lini. Hukata kwa kipimo cha mwili uliopo. Kazi iliyopo ni ya miaka saba, basi nunua ya saba. Ukiondoka kabla, mkwe ataimaliza. Habari za kukaa na kusahau pamoja nimezisoma, nikazikata kwa wino mwekundu kama ulivyokuwa ukikata za kwangu.

Lakini sikiliza hili kuliko yote. Kompyuta inaweza kungoja mwezi mzima, mama hawezi. Wewe uliacha kumsikiliza mkeo ukakimbilia mashine, ndiyo maana neno liliwaponyoka nyote wawili. Mkweo ana simu, na simu hurekodi sauti. Leo hii iwekwe juu ya cherehani, mama apewe vitambaa viwili vyenye mistari, avikutanishe tena, na asiulizwe neno. Aachwe ashone na kuongea atakavyo. Mikono yake bado inajua njia, na huenda mdomo ukaifuata. Usipoifuata, hata hivyo mtakuwa na sauti yake, na hiyo haina fundi wa kuirudisha ikishapotea.

Umeahidi kwamba ukishakata shauri utaniandikia. Niandikie, na uhesabu makosa yangu yote humu. Ila mstari wa kwanza wa barua hiyo usiwe wako. Uwe wa mama, lolote atakalokuwa amelisema siku hiyo, na usimsahihishe.